Hokusai: Mzee wa miaka 82 aliyechora simba kila asubuhi

Ile picha ya wimbi kubwa la bluu unayoiona hadi kwenye fulana ni kazi ya Katsushika Hokusai, Mjapani aliyezaliwa Edo (sasa Tokyo) mwaka 1760. Alianza kuchora akiwa na miaka sita, ila wimbi hilo lilikuja akiwa na kama miaka 70.

Mwaka 1839 moto uliteketeza nyumba yake pamoja na michoro ya miaka mingi. Wengi wangeishia hapo. Yeye, mwishoni mwa 1842, akaanza upya: kila asubuhi simba mmoja wa hadithi kwa wino, na tarehe pembeni. Simba anacheza, simba kakasirika, simba kavaa kama mtu.

Kwake ilikuwa kinga ya mikosi. Lakini kumbe mkono nao ulikuwa mazoezini, maana wino haufutiki; ukikosea, subiri kesho. Zaidi ya michoro 200 ya simba hao ipo hadi leo.

Alifariki 1849 akiwa na miaka 88. Inasimuliwa kwamba kitandani aliomba aongezewe hata miaka mitano tu, awe mchoraji wa kweli.