Theodore Roosevelt: Rais Aliyelala Porini na Wanawe

Ukifika Kijabe kule Kenya, kwenye shule ya wamisionari, utakuta jengo la zamani ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1909 na mgeni kutoka Marekani. Mgeni huyo alikuwa Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka kwenye urais mwaka huohuo. Wengi tunamjua kwa bunduki yake tu. Leo nataka umjue kama baba.

Alizaliwa New York mwaka 1858, mtoto wa pumu. Baba yake alikuwa akimpakia kwenye gari la farasi usiku ili apate hewa. Hapo ndipo alipojifunza kupenda nje, na pia kuona baba anavyohangaika kwa ajili ya mwanawe.

Sasa sikia. Tarehe 14 Februari 1884 mama yake na mke wake, Alice, walikufa siku moja, nyumba moja. Mkewe alikuwa amejifungua binti siku mbili tu kabla. Fikiria mwenyewe, majeneza mawili na kichanga! Roosevelt akamwacha mtoto kwa dada yake, akaenda zake Dakota kuchunga ng'ombe. Jina la marehemu karibu hakulitaja tena. Mimi hapo simsifu. Pori lilimtuliza, sawa, lakini binti alihitaji baba. Alimchukua baada ya kumwoa Edith mwishoni mwa 1886, na Edith akamzalia watano wengine.

Kwa hao bwana alikuwa baba kweli. Nyumbani kwao, Oyster Bay, aliwachukua wavulana na binamu zao kwa mitumbwi, wakapiga kasia, wakalala nje, yeye mwenyewe akikaanga nyama na kuwasimulia hadithi za kutisha. Katika matembezi kulikuwa na sheria moja: kikwazo unakipanda au unapita katikati yake, huzunguki. Akiwa mbali aliwaandikia barua zenye michoro. Na pale Ikulu, Archie alipougua surua, alipelekewa farasi wake mdogo chumbani, akapandishwa kwa lifti! Ni baba gani anayeweza kulea watoto wa namna hiyo kama hachezi nao?

Mwaka 1903 alipiga kambi Yosemite na John Muir, wakaamka wamefunikwa na theluji. Urais wake ulihifadhi misitu na mbuga nyingi mno. Halafu huyohuyo alikuja kwetu na mwanawe Kermit, wakaua wanyama zaidi ya 500 wakipita Kenya, Uganda, upande wa Kongo hadi Sudani. Walipelekwa makumbusho, ni kweli, lakini idadi hiyo inanisumbua. Safari ilikwisha Khartoum mwaka 1910, na Edith alikuwa amefunga safari mpaka huko kumpokea.

Ilipofika vita ya dunia, alihimiza sana nchi yake iingie. Wanawe wote wanne walikwenda. Quentin, kitinda mimba, alikuwa rubani. Ndege yake ilitunguliwa Ufaransa tarehe 14 Julai 1918, akiwa na miaka 20. Baba hakuwa tena yule wa zamani. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Januari 1919 alifariki usingizini, nyumbani kwake Oyster Bay, wakamzika kilimani karibu na hapo.