Kaisari Aliyekopesha Bila Riba

Jina la Kaisari Tiberio unalisikia kanisani katika Majilio ya Mwaka C, Injili ya Luka inapotaja mwaka wa kumi na tano wa utawala wake. Huenda hata ile dinari aliyoonyeshwa Bwana ilikuwa na sura yake. Lakini je, mtu mwenyewe unamfahamu?

Alizaliwa mwaka 42 K.K. Alikuwa askari hodari, na alimpenda mkewe, Vipsania. Kaisari Augusto akamlazimisha amwache ili amwoe binti yake, Julia. Inasimuliwa kwamba siku moja Tiberio alimwona Vipsania akipita, akamfuata kwa macho yaliyojaa machozi. Ikahakikishwa wasionane tena. Sidhani kama jeraha la namna hiyo huponywa na kiti cha enzi. Alikikalia mwaka 14, akiwa na miaka 54.

Sasa twende mwaka 33, ambao baadhi ya wataalamu wa Maandiko huutaja kuwa ndio Bwana wetu alisulubiwa chini ya liwali Pontio Pilato. Tiberio alikuwa akiishi kisiwani Capri. Roma alikwisha kuihama tangu mwaka 26. Huko mjini sheria ya zamani ya kuwabana wakopeshaji ilifufuliwa, nao, wakiwemo maseneta wengi, wakadai fedha zao zote kwa mpigo. Kama umewahi kuuza shamba kwa haraka, unajua kilichofuata. Wauzaji walikuwa wengi, bei ikaanguka, koo za heshima zikafilisika. Tiberio akatoa sestersi milioni 100 zikopeshwe kwa miaka mitatu bila riba, mradi mkopaji aweke dhamana ya ardhi yenye thamani maradufu. Watu wakaanza tena kukopeshana. Tumpe haki yake: ni matajiri wangapi unaowajua wangefanya hivyo?

Mwaka huohuo, katika jumba la kifalme mjini Roma, mjukuu wake Drusus alikuwa kifungoni akinyimwa chakula. Inasemekana alifika siku ya tisa akitafuna vilivyojazwa kwenye godoro lake. Alipokufa, babu yake aliagiza taarifa za wapelelezi zisomwe mbele ya Seneti, pamoja na maneno ya kijana yule katika njaa yake. Oktoba akafa mama wa kijana, Agrippina, uhamishoni katika kisiwa cha Pandateria. Tiberio alijisifu kwamba hakuamuru anyongwe, na Seneti ikamshukuru.

Alikufa Machi 37, mwenye miaka 77. Roma, mji aliouokoa na madeni, ulishangilia.