Octavia Hill na kodi isiyokatika

Hapa Pwani mtu akipata kiinua mgongo, jambo la kwanza afikirialo ni kujenga vyumba vya kupangisha. Ni wazo zuri. Ila wengi wetu tukishamaliza kujenga humwachia dalali kila kitu, tukangoja pesa ziingie kwenye simu. Choo kikiziba, mpangaji ajijue. Kwa hivyo leo, ndugu msomaji, nataka tumtazame mwanamke wa Kiingereza aliyeifanya kazi hii kwa namna nyingine.

Octavia Hill alizaliwa mwaka 1838 katika mji wa Wisbech. Babake, aliyekuwa mfanyabiashara, alifilisika, na mzigo wa malezi ukamwangukia mamake. Akiwa na miaka 14 tu, Octavia alikuwa London akiwasimamia watoto maskini waliotengeneza vitu vya kuchezea. Kazi hiyo ilimwonyesha walivyoishi: familia nzima katika chumba kimoja chenye unyevu, na mwenye nyumba hajulikani aliko.

Mwaka 1865 mwandishi John Ruskin, aliyekuwa amerithi mali ya babake, alinunua nyumba tatu mtaa wa Marylebone, mahali palipoitwa Paradise Place, akamkabidhi Octavia azisimamie. Haikuwa sadaka. Ruskin alitaka mtaji wake urudishe faida ya asilimia 5 kwa mwaka.

Octavia alianza na mitaro, madirisha na paa. Kodi aliikusanya kila wiki, yeye mwenyewe na baadaye wanawake aliowafunza, wakibisha mlango hadi mlango. Ziara hiyo ndiyo iliyokuwa siri yake, kwani aliyekuja kuchukua kodi ndiye aliyeona ukuta unaovuja. Kila nyumba ilitengewa fungu la matengenezo, na pesa zikibaki, wapangaji walichagua wenyewe cha kuongezwa. Kazi za mjini zikipungua, aliwapa wapangaji kazi ya ukarabati ili wasikose cha kulipa. Lakini deni hakulivumilia. Aliyezoea kutolipa alihama.

Faida ya Ruskin ilipatikana, na wenye mitaji wengine wakamfuata. Kufikia 1874 alikuwa akisimamia wapangaji wapatao 3,000, na mwaka 1884 hata kanisa la Uingereza likamkabidhi nyumba zake za Southwark. Alifariki 1912.

Sisemi alikuwa mkamilifu. Alipinga serikali za miji kujenga nyumba za maskini, na hapo naona alikosea, kwani wema wa mwenye nyumba mmoja mmoja hauwezi kuutosha mji mzima. Pia wako wapangaji waliochoka kuchunguzwa maisha yao kila wiki.

Hata hivyo, hesabu yake ilikuwa sawa. Wanaojua hukumu za wakfu hawatashangaa: mapato ya nyumba ya wakfu huitengeneza nyumba kwanza, ndipo wenye haki wakagawiwa. Sisi twafanya kinyume. Twala kodi yote, na nyumba ikichakaa twapandisha kodi, mpangaji mwema ahama, na chumba chakaa kitupu miezi mitatu. Hasara ya miezi hiyo ingeziba paa na pesa zikabaki.

Mwenye vyumba, mwezi huu usingoje ujumbe wa simu. Nenda ukabishe mlango mwenyewe, uulize maji yanatoka.