Mwana wa Mfalme Aliyekataa Upendeleo: Maisha ya Louis Rwagasore

Ndugu wanafunzi, katika ukurasa wetu wa watu mashuhuri safari hii hatuendi mbali, tunavuka mpaka tu. Tumemchagua mtu ambaye hakuwa Mwislamu, kwa kuwa maisha yake yanajibu jambo tunalolisikia uwanjani kila mara: mwanafunzi kumwita mwenziwe Mrundi au mkimbizi, akikusudia kumtukana.

Louis Rwagasore alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932. Baba yake alikuwa Mwambutsa wa Nne, mfalme wa Burundi. Nchi ilikuwa chini ya Wabelgiji, nao waliwapanga watu kwa daraja. Mzungu alikuwa juu ya wote. Chini yake walikuja Waganwa, yaani ukoo wa kifalme, kisha Watusi, na chini kabisa Wahutu na Watwa. Machifu wa Kihutu waliondolewa kidogo kidogo, hata ilipofika mwaka 1945 hakubaki hata mmoja.

Katika mpango huo Rwagasore alikuwa miongoni mwa Warundi waliopendelewa kuliko wote. Alisoma Astrida, huko Rwanda, kisha Antwerp, Ubelgiji. Aliporudi mwaka 1956 angeweza kustarehe kwa jina la baba yake. Badala yake aliwaendea wafanyabiashara wa Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, na mwaka 1957 akaanzisha nao ushirika. Miongoni mwa waliompokea walikuwa Waislamu, Waswahili wa mtaa wa Buyenzi, ambao wakoloni waliwatazama kwa shaka. Ushirika ule uliingia katika madeni, wala hatulifichi hilo. Lakini urafiki ulibaki, na watu wa Buyenzi wakawa nguzo ya chama chake, UPRONA.

Mwaka 1959 alimwoa Marie-Rose Ntamikevyo, mwanamke wa Kihutu. Katika chama aliwakusanya Wahutu na Watusi pamoja kudai uhuru wa haraka, akiungwa mkono na Mwalimu Nyerere. Wabelgiji walikipendelea chama cha PDC, kilichoongozwa na Waganwa wa tawi jingine. Mwaka 1960 Rwagasore aliwekwa kizuizini Bururi wakati uchaguzi wa mitaa ukifanyika. Hata hivyo, tarehe 18 Septemba 1961 UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64, naye akawa Waziri Mkuu. Wiki mbili tu baadaye, tarehe 13 Oktoba, alipigwa risasi akila chakula cha jioni hotelini, kando ya Ziwa Tanganyika, ziwa hili hili letu. Alikuwa na miaka 29.

Sasa tutazame waliopendelewa walipata nini. Aliyefyatua bunduki alikuwa Mzungu, Mgiriki aitwaye Jean Kageorgis. Alihukumiwa, akauawa tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Januari 1963 wengine watano walinyongwa Gitega kwa njama hiyo, wakiwemo ndugu wawili, Ntidendereza na Biroli, Waganwa na wasomi kama yeye. Ufalme wenyewe uliondolewa mwaka 1966, na Mwambutsa akafia ugenini mwaka 1977. Mwaka 1972 Wahutu wengi mno waliuawa, na mwaka 1993 damu ilimwagika tena pande zote mbili. Ndipo maelfu ya watu wakavuka kuja kwetu, hata Nduta ya Kibondo na Mtabila ya Kasulu yakawa majina ya kambi.

Ubaguzi humuumiza kwanza anayedharauliwa, na jeraha lake ndilo kubwa zaidi. Lakini haumwachi salama anayetukuzwa. Mtu akiambiwa tangu utotoni kwamba yeye ni bora, huiogopa siku atakapokuwa sawa na wenzake, na hofu hiyo humfikisha hata kwenye kuua. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nasi pia tumependelewa. Tumezaliwa upande huu wa mpaka, tuna uraia na mashamba, na hakuna atuulizaye kibali tuendapo sokoni. Hayo hatukuyachuma kwa jasho letu. Ni amana, na tutaulizwa tuliyatumiaje. Kiha na Kirundi husikilizana bila mkalimani, na Mtume wetu alitufundisha kwamba sote ni wa Adam na hakuna ubora ila kwa uchamungu. Basi mwenzako akitukanwa kwa asili yake, usicheke wala usinyamaze. Mkanye anayetukana, kisha mkaribishe mwenzako msome katika msahafu mmoja. Rwagasore aliacha kustarehe kwa jina la baba yake ili akae na watu. Sisi tunaombwa kusogea kidogo tu kwenye jamvi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kulitambua hilo na kulitenda. Amin.