IMAMU GHAZALI NA MILANGO YA FAHAMU

Bismillahi Rahmani Rahim.

Imamu Abu Hamid Muhammad Al-Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa Tus katika nchi ya Khurasani, mwaka wa 450 Hijria (1058 Miladia). Alisoma fikihi ya Shafi kwao, kisha akaenda Naysabur kwa Imamul-Haramayn Al-Juwayni. Mwaka wa 484 (1091) aliwekwa mwalimu wa madrasa ya Nizamiyya, Baghdad.

Katika kuitafuta elimu isiyo na shaka, aliipima kwanza milango mitano ya fahamu, na ulio na nguvu kupita yote ni macho. Alikitazama kivuli, jicho likakiona kimesimama. Na baada ya saa moja kimekwisha kuondoka mahali pake, kwani kilikuwa kikienda kidogo kidogo bila ya kusita. Aliitazama nyota, jicho likaiona kadiri ya dinari. Na hisabu za handasa zathibitisha kuwa ni kubwa kuliko ardhi. Hapo akajua kuwa jicho ni shahidi tu, na akili ndiyo kadhi.

Lakini jambo hili likamtia katika shida kubwa. Ikiwa macho yalisadikiwa hata akili ikayakadhibisha, yawezekana juu ya akili yuko kadhi mwingine wa kuikadhibisha nayo. Alalaye huona ndotoni mambo asiyoyatilia shaka, na akiamka hujua kuwa hayakuwa kitu. Alikaa katika maradhi haya karibu miezi miwili, asiponywe kwa hoja wala dalili, ila kwa nuru aliyoitia Mwenyezi Mungu kifuani mwake; akarudi kuiamini akili yake.

Mwaka wa 488 (1095) ulimi wake ulifunga asiweze kufundisha, wala chakula kisishuke. Akaacha cheo, akaenda Sham, na Baitul-Muqaddas, na Hija. Alifariki Tus mwaka wa 505 (1111).

Wenye elimu ya nafsi wa zama hizi nao wanasema kuwa jicho hupokea mwanga tu, na ubongo ndio unaoufasiri. Mwezi mpevu ukichomoza baharini huonekana mkubwa, na ukipanda juu huonekana mdogo, na hali haukupungua kitu.

Basi amwonaye nduguye kwa mbali akamdhania ubaya, kabla ya kufungua kinywa chake na aikumbuke nyota ile ya kadiri ya dinari.

Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki, na atupe kuifuata. Amin.