Profesa aliyechelewa kujua anataka nini

Kama uko na miaka ishirini na kitu, umebadilisha kozi mara mbili na kila sherehe ya familia kuna shangazi anayekuuliza unafanya nini siku hizi, hebu tulia nikuhadithie kuhusu William James. Wengi humwita baba wa saikolojia ya Marekani. Wasichokuambia ni kwamba akiwa na miaka 28 bado alikuwa kwa wazazi wake, hana kazi, mgonjwa, na hana hakika kama anataka kuendelea kuishi.

Alizaliwa New York mnamo Januari 11, 1842. Babu yake alikuwa tajiri wa kutajika, kwa hivyo buda yake hakuhitaji kuajiriwa. Alizunguka Ulaya na watoto wake, leo shule Geneva, kesho mwalimu Paris. Tuseme ukweli mapema: William hakulala njaa akitafuta njia yake. Wewe na mimi landilodi hatusubiri.

Kwanza alitaka kuwa mchoraji. Akajifunza kule Newport, akaona hatafika mbali, akaacha. Mwaka 1861 akaingia Harvard kusomea kemia. Akahamia anatomia, kisha mwaka 1864 udaktari. Mwaka uliofuata akasimamisha masomo na kwenda Brazil na mwanasayansi Louis Agassiz kukusanya samaki wa Amazon. Huko akashikwa na ndui, macho yakamsumbua, na akagundua kazi hiyo pia si yake. Akafuzu kama daktari mwaka 1869. Hiyo ndiyo digrii pekee aliyoisomea hadi mwisho, na kumbe hakuwahi kuitumia kutibu watu.

Halafu giza likaingia. Mgongo ulimuuma, akili ilimlemea, na mawazo ya kujitoa uhai yakaja. Aprili 1870, baada ya kumsoma mwanafalsafa Mfaransa Charles Renouvier, aliandika uamuzi katika shajara yake: hatangoja tena awe na uhakika, ataishi kama mtu mwenye uhuru wa kuchagua, na ataanza na vitendo vidogo vya kila siku. Usidhani alipona kesho yake. Hali hiyo ilimrudia mara kwa mara maishani. Lakini alikuwa ameanza kutembea.

Mwaka 1873 alianza kufundisha Harvard, na mwaka 1875 akaanzisha somo la saikolojia hapo, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kuketi katika darasa la saikolojia. Mwaka 1878 aliahidi mchapishaji kitabu ndani ya miaka miwili. Kilimchukua 12. The Principles of Psychology kilipotoka mwaka 1890 kilikuwa na juzuu mbili na karibu kurasa 1,400.

Ndani yake utamkuta yule kijana wa 1870. Anaeleza kwamba kila unaporudia jambo, njia yake kwenye ubongo inazidi kuwa rahisi kupitika, ndiyo maana mazoea mapya hayataki kuchezewa siku za mwanzo. Anadai pia kwamba hisia hufuata mwili: moyo hudunda, miguu hutimua mbio, na kuhisi mabadiliko hayo ndiko tunakokuita woga. Wataalamu wamebishana naye hadi leo, lakini hakuna aliyempuuza.

Kisha kuna jinsi alivyowachukulia watu. Mwaka 1890 Harvard haikuwasajili wanawake, lakini James alimkaribisha Mary Whiton Calkins darasani kwake. Wanaume wa darasa hilo wakaacha, akabaki akimfundisha peke yake. Kufikia 1895 Calkins alikuwa amepita mtihani wote wa uzamifu. Walimu wake wakapendekeza apewe digrii. Chuo kikakataa kwa sababu ni mwanamke. Miaka 10 baadaye, bila karatasi hiyo, akawa mwanamke wa kwanza kuongoza chama cha wanasaikolojia wa Marekani. Mwanafunzi mwingine aliyekaribishwa hadi nyumbani kwake ni W.E.B. Du Bois, mpigania haki za Weusi aliyekuja kufia Accra, Ghana, mwaka 1963.

Mwaka 1903 James aliandika makala kali akifananisha tamaa ya vyuo kwa digrii ya uzamifu na pweza anayenasa kila kitu.

Sasa, mimi niliacha chuo, na kuna wasee wangependa niseme hapa kwamba masomo ni karatasi tu. Zii. Calkins alisoma kila kitu kilichotakiwa. James alisoma hadi macho yakamuuma. Alichopinga ni mtu kupimwa kwa karatasi bila kuangaliwa anachojua. Kuacha kozi hakukufanyi uwe James. Kuendelea kujifunza baada ya kuiacha, labda.

Alistaafu mwaka 1907, moyo ukiwa umechoka, na akafariki Agosti 26, 1910, nyumbani kwake Chocorua, New Hampshire, akiwa na miaka 68.

Kwa hivyo chagua jambo moja dogo, ulianze wiki hii kabla hujajihisi uko tayari. Na kama unachobeba kinafanana na giza lake la 1870, usikae nacho peke yako. Mwambie mtu leo.