James Parkinson, muganga wa watu wanaotetemeka

Jina la Parkinson wengi wetu tulilisikia juu ya Muhammad Ali, yule bondia aliyemshinda George Foreman kule Kinshasa mwaka 1974. Kisha miaka 10, waganga walimkuta na ugonjwa huo. Lakini Parkinson mwenyewe alikuwa nani?

James Parkinson alizaliwa tarehe 11 Aprili 1755 mtaani Hoxton, London. Baba yake alikuwa muganga, naye akashika kazi ile ile, mtaa ule ule, mpaka uzee. Mwaka 1800 alitoa kitabu cha kufundisha watu wa vijijini namna ya kuchunga afya yao.

Sisi wa sendika tungemwita mwenzetu. Aliingia katika London Corresponding Society, chama kilichoanzishwa na fundi viatu, kilichodai raia wote wanaume wapewe haki ya kuchagua wabunge. Parkinson aliandika vikaratasi vya kuitetea maskini, akificha jina lake. Mwaka 1794, wenzake waliposhitakiwa kwamba walitaka kumuua mfalme, aliitwa mbele ya baraza la wakubwa. Alikwenda, akasema kweli juu yao, hakuwauza.

Tena alipenda mawe sawa sisi. Mwaka 1807 alikuwa mmoja wa watu 13 walioanzisha chama cha jiolojia cha London.

Kazi iliyomletea jina aliitoa mwaka 1817, akiwa na miaka 62: kitabu kidogo juu ya wagonjwa 6 tu. Wengine alikutana nao barabarani, akawaangalia wanavyotembea. Aliona kama mkono unatetemeka wakati umepumzika, bila mwenyewe kutaka. Mwili unainama mbele, hatua zinakuwa fupi na za haraka, sawa mtu anayetaka kuanguka. Lakini akili, alisema, inabaki nzima.

Alikufa tarehe 21 Desemba 1824 kwa kiharusi. Miaka mingi kisha, Mfaransa Jean-Martin Charcot, muganga wa hospitali ya Salpêtrière kule Paris, ndiye alitaka ugonjwa uitwe Parkinson. Leo tunajua kwamba unatoka ndani ya ubongo. Dawa ziko: haziumalizi, lakini zinamsaidia mtu kutembea na kujilisha.

Juu ya nini tunayasema haya kwa wachimbaji? Kwa sababu kutetemeka si kwa namna moja. Parkinson ya kweli mara nyingi inaanza upande mmoja, mkono ukiwa umelala kwenye paja. Ukichukua kikombe, inapungua. Mwili unakakamaa, kila kitu kinafanyika polepole.

Lakini mtu anayechoma zahabu na merikiri, ile maji inayong'aa sawa feza, anaweza kutetemeka kwa namna ingine. Vidole, midomo na kope vinacheza kidogo kidogo; akinyoosha mkono kuchukua kikombe, ndipo inazidi, chai inamwagika. Pamoja na hiyo, anakuwa na hasira ao haya isiyo ya kawaida, anasahau, fizi zinauma. Ni ule moshi: hauonekani, unapita mapafuni, unafika kwenye ubongo. Wale wanaochomea zahabu jikoni wanawapa mama mwenye mimba na watoto moshi ule ule.

Basi, mwenzetu akianza kutetemeka, tusikimbilie kusema ni uchawi ao pombe. Tumwangalie: ni wakati amepumzika ao wakati anachukua kitu? Ilianza lini? Twende naye kwa muganga, tumwambie wazi kama anafanya kazi ya zahabu na merikiri, maana bila kuambiwa hawezi kujua. Akiachana na moshi mapema, kutetemeka kunaweza kupungua. Na wale wanaoendelea wachomee nje, mbali na nyumba, ndani ya chombo kilichofungwa kinachorudisha merikiri.